Ijue Hati Kwanza, Vitufe Baadaye

Anayeketi mbele ya Microsoft Word kwa mara ya kwanza hukuta karatasi nyeupe chini na vitufe vingi juu, na macho yake hukimbilia vitufe. Kozi nyingi za kompyuta nazo humpeleka huko huko: hapa ni pa kukoza herufi, hapa pa kuweka maneno katikati, hapa pa kuchora jedwali, mpaka daftari linajaa. Mwongozo huu unakushauri uanzie kwenye karatasi. Hati yoyote inayoandikwa kwenye kompyuta imejengwa kwa ngazi chache, na kila kitufe kina ngazi kinayoigusa. Ukizijua ngazi hizo utaweza kuisoma sura ya programu yoyote ya kuandikia, hata ambayo hujapata kuiona. Ukikariri vitufe utaanza upya kila sura inapobadilika, na historia ya programu hizi inaonyesha kwamba sura hubadilika kweli kweli.

Programu iliyotamba maofisini zamani ilikuwa WordPerfect 5.1, iliyotoka mwaka 1989. Skrini yake ilikuwa karibu tupu, na amri zote zilifichwa nyuma ya vitufe vya F: F10 kuhifadhi, F7 kutoka, na vingine vingi vilivyobadilika maana ukivibonyeza pamoja na Shift, Alt au Ctrl. Watumiaji waliweka kipande cha karatasi au plastiki kuzunguka vitufe hivyo ili wasisahau. Windows ilipoenea, ujuzi huo wote wa vidole ulikwisha thamani. Waliohamia Word wakazoea menyu zake, kisha toleo la mwaka 2007 likaziondoa menyu hizo na kuleta utepe mpana wenye vichupo tunaouona hadi leo. LibreOffice, ambayo wengi huitumia kwa sababu ni ya bure, bado hufunguka na menyu za mtindo wa zamani. Google Docs ina safu moja tu ya alama juu ya karatasi. Kwa anayekariri mahali pa vitufe, hizo ni programu nne zenye masomo manne.

Sasa tazama kile ambacho hakikubadilika. Word ya kwanza kabisa ilitoka mwaka 1983 kwa kompyuta zilizotumia DOS. Iliongozwa na Charles Simonyi, aliyejiunga na Microsoft mwaka 1981 akitoka kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, California, ambako yeye na Butler Lampson walikuwa wametengeneza Bravo, programu ya mwaka 1974 iliyoonyesha maandishi kwenye skrini karibu kama yatakavyotoka kwenye karatasi. Katika Word hiyo ya 1983, ukichagua amri ya Format, programu ilikuuliza unataka kuumba nini, na miongoni mwa majibu yalikuwamo Character, yaani herufi, Paragraph, yaani aya, na Division, sehemu nzima ya hati yenye kurasa zake. Fungua Word ya leo, utazame kichupo cha Home. Kundi la Font linashughulikia herufi. Kundi la Paragraph liko pembeni yake, la aya. Mambo ya kurasa, pambizo na ukubwa wa karatasi yamewekwa kando, kwenye kichupo cha Layout. Miaka zaidi ya 40 imepita, rangi na alama zimebadilishwa mara nyingi, lakini mgawanyo ni ule ule. Kitu kinachodumu hivyo kinastahili kusomwa kwanza.

Kama unashuku kwamba ngazi hizi ni namna tu ya kufundishia, unaweza kuziona kwa macho yako ndani ya faili. Chukua faili lolote la Word lenye mwisho wa docx, tengeneza nakala yake, kisha kwenye nakala badilisha docx iwe zip. Ikiwa Windows haionyeshi miisho ya majina ya mafaili, iruhusu kwanza kwenye menyu ya View ya folda. Fungua kifurushi hicho, ingia kwenye folda iitwayo word, na ufungue document.xml. Usishtuke kwa alama nyingi utakazoona, maana utatafuta tatu tu. Kila aya imefungiwa ndani ya alama ya w:p. Ndani ya aya kuna vipande vya w:r, na kila kipande ni herufi zinazofuatana zenye sura moja, kwa mfano maneno matatu yaliyokozwa. Mwishoni kuna w:sectPr, inayobeba upana wa karatasi na pambizo. Ni kama masufuria yanayoingiliana kabatini: herufi ndani ya aya, aya ndani ya sehemu, sehemu ndani ya hati. Muundo huu haukubuniwa na walimu. Ndivyo hati inavyohifadhiwa, na umekuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 29500, tangu 2008.

Tuanze na herufi, kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo ngazi ambayo kila mtu huijua nusu. Kinachogusa herufi kinahitaji kwanza uteue herufi zenyewe: teua neno, kisha Ctrl+B kulikoza, Ctrl+I kulilaza, Ctrl+U kulipigia mstari. Aina ya fonti, ukubwa na rangi viko hapa. Kuna jambo moja la ngazi hii ambalo wengi hawalitarajii, nalo ni lugha. Unapoandika Kiswahili na kila neno likapigiwa mstari mwekundu, programu haijaharibika, inaamini tu kwamba herufi zile ni za Kiingereza. Lugha ni sifa ya herufi kama ulivyo ukozo. Teua hati yote kwa Ctrl+A, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, uchague Kiswahili. Hata kama kompyuta haina kamusi ya Kiswahili, programu itaacha kuyapima maneno yako kwa kamusi ya Kiingereza. Kwa kuwa ni sifa ya herufi, unaweza pia kuacha nukuu moja ya Kiingereza ndani ya aya ya Kiswahili na kuipa lugha yake peke yake.

Aya ndiyo ngazi yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kabla ya kuendelea, bonyeza kitufe chenye alama ya ¶ kwenye kundi la Paragraph, au Ctrl+Shift+8. Kwenye LibreOffice ni Ctrl+F10. Hati itaonyesha yaliyofichika: kila nafasi itakuwa nukta ndogo, kila Tab itakuwa mshale, na kila mahali ulipobonyeza Enter pataonekana ¶. Alama hizi hazichapishwi kwenye karatasi. Naamini mwanafunzi angepaswa kuandika akiwa amezionyesha tangu siku ya kwanza, kwa sababu zinaonyesha kosa ambalo karatasi iliyochapishwa haiwezi kuonyesha. Kwa Word, aya ni chochote kinachoishia kwenye ¶. Kichwa cha habari cha maneno mawili ni aya. Mstari mtupu nao ni aya, tena ni aya isiyo na kitu. Na umbo la aya hushikwa na ile ¶ ya mwisho wake: ukiifuta, aya mbili zinaungana na mojawapo inapoteza umbo lake. Hapo ndipo watu husema kompyuta imejiamulia mambo.

Chukua barua rasmi, hati ambayo karibu kila mtu ataiandika siku moja. Anwani ya mwandishi hukaa juu upande wa kulia, anwani ya mwandikiwa kushoto, kisha YAH na kichwa cha barua katikati, kimepigiwa mstari. Ukionyesha alama zilizofichika kwenye barua nyingi zinazochapwa mitaani utakuta anwani ya kulia imesukumwa huko kwa nukta arobaini au hamsini za kitufe cha nafasi, mstari baada ya mstari. Desturi hiyo ina asili ya kuheshimika. Kwenye taipureta za kawaida kila herufi ilikuwa na upana mmoja, kwa hiyo kuhesabu nafasi kulileta mistari iliyonyooka. Fonti kama Times New Roman haiko hivyo: i ni nyembamba na m ni pana, na nafasi ina upana wake tofauti. Mistari ya anwani haitanyooka hata ukihesabu kwa makini, na ukibadilisha fonti kutoka 12 kwenda 11 yote yatasogea tena. Tiba iko kwenye ngazi ya aya. Futa nafasi zote, teua mistari ya anwani, fungua dirisha la Paragraph kwa mshale mdogo ulio kwenye pembe ya kundi hilo, na kwenye Indentation upande wa Left andika sentimita 10. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na pambizo za kawaida za Word za sentimita 2.54 kila upande huacha karibu 16 za kuandikia, kwa hiyo anwani itapata nafasi ya kutosha upande wa kulia na mistari yote itaanzia pamoja. Badilisha fonti utakavyo, anwani haitayumba.

Fikra hiyo hiyo inaponya makosa mengine mawili. Ukitaka uwazi kati ya aya, usibonyeze Enter mara mbili. Katika dirisha hilo hilo kuna Spacing, na pointi 6 au 8 kwenye After zinatosha. Ukitaka sura mpya ianze ukurasa mpya, usibonyeze Enter mpaka ukurasa uishe, maana ukiongeza sentensi moja nyuma, kichwa cha sura kitashuka katikati ya ukurasa. Bonyeza Ctrl+Enter mara moja. Kama unataka mstari mpya bila kuanza aya mpya, kwa mfano ndani ya anwani, tumia Shift+Enter.

Baada ya aya inakuja mitindo, nayo ni umbo lililopewa jina. Badala ya kukikoza kila kichwa cha habari, kukikuza na kukipa rangi, unasema tu kwamba aya hii ni Heading 1. Katika Word na Google Docs ni Ctrl+Alt+1, na katika LibreOffice ni Ctrl+1. Ukiamua baadaye kwamba vichwa vyote viwe vyeusi badala ya buluu, bofya jina la mtindo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Modify, rekebisha mara moja, na vichwa vyote vitafuata. Faida kubwa zaidi ni kwamba programu sasa inajua kichwa ni kipi na maelezo ni yapi. Ndiyo maana inaweza kukutengenezea yaliyomo yenye namba za kurasa kutoka kichupo cha References, na kuyasahihisha ukibofya ndani yake na kubonyeza F9. Anayechapa yaliyomo kwa mkono, nukta kwa nukta mpaka kwenye namba ya ukurasa, atayachapa upya kila msimamizi wake anaporudisha kazi.

Sehemu utaihitaji mara chache, lakini siku utakapoihitaji hakuna ngazi nyingine itakayokusaidia. Mwanafunzi wa chuo kikuu huambiwa kurasa za mwanzo za tasnifu, zenye shukrani na ikisiri, zihesabiwe kwa namba za Kirumi, na sura ya kwanza ianze na 1. Mwandishi wa ripoti huwa na jedwali pana linalotaka karatasi ilazwe, wakati kurasa nyingine zote zimesimama. Wengi hutatua jambo hili kwa kugawa kazi katika mafaili matatu na kuyachapisha kando. Inafanya kazi siku ya kuchapisha, kisha inakuwa mateso siku ya kutuma faili moja kwa barua pepe. Mambo yote mawili ni sifa za sehemu. Weka kielekezi kabla ya sura ya kwanza, nenda Layout, kisha Breaks, kisha Next Page chini ya maneno Section Breaks. Bofya mara mbili chini ya ukurasa pale panapokaa namba, na uzime Link to Previous, kwani hiyo ndiyo inayoifanya sehemu mpya iige ya nyuma. Kisha, kwenye Format Page Numbers, ipe kila sehemu aina ya namba zake na mahali pa kuanzia kuhesabu. Hapa lazima nikiri kwamba programu hazifanani. LibreOffice hupitisha kazi hii kwenye mitindo ya kurasa, ambapo ukurasa wa kulala una mtindo wake wenye jina. Hata hivyo, anayejua kwamba anachotafuta ni sifa ya kundi la kurasa atajua pa kuanzia kutafuta, na hatapoteza saa nzima kwenye kundi la Font.

Kuna pingamizi ambalo ni zito na nalichukulia kwa uzito. Dada au kaka wa steshenari, au wa saiba kama wanavyoita Kenya, hakufundishwa ngazi zozote. Alijifunza kwa kubonyeza, na anachapa barua yako kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Je, si ushahidi kwamba mazoezi yanatosha? Kasi yake ni ya kweli na imetokana na kazi ya miaka. Lakini angalia kasi hiyo inapatikana wapi: kwenye kuchapa, kwenye kompyuta moja, kwa hati inayotoka kwenye printa papo hapo. Karatasi ikishatoka, haijalishi anwani ilisukumwa kwa nafasi au kwa nini. Jambo hubadilika faili linaposafiri. Linafunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, programu inaweka fonti nyingine mahali pake, mistari inakatika kwingine, na kila kilichopangwa kwa nafasi na Enter kinavurugika. Leo maombi ya kazi, ripoti za miradi na kazi za masomo hutumwa kama mafaili, na mara nyingi hurudishwa na masahihisho. Gharama haiko tena kwenye kuchapa mara ya kwanza, iko kwenye kurekebisha mara ya tano, na hapo ndipo ujuzi wa ngazi hulipa. Mchapaji mwenye kasi akiongeza ujuzi huo hakuna atakayemkuta.

Pingamizi la pili ni la lugha: vitufe ni vya Kiingereza, basi anayeandika Kiswahili atafanyaje? Ni haki kudai programu kwa Kiswahili, na kazi hiyo imefanywa hapa kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice nzima yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na ningependa kuona nyingine nyingi. Lakini hata menyu ikiandikwa Aya badala ya Paragraph, mtu bado anahitaji kujua kwamba kitufe kile kinagusa aya nzima, mstari mtupu ukiwamo. Tafsiri inakupa jina la kitufe, na ngazi zinakueleza kazi yake. Kwa hiyo usisubiri. Maneno ya Kiingereza unayoyahitaji ili kuanza ni machache, na mengi yake umeshakutana nayo hapo juu.

Wengine watasema siku hizi huna haja ya kujua chochote, kwa sababu Word ina kisanduku cha kutafutia amri: bonyeza Alt+Q, andika unachotaka, nayo itakuletea. Kitumie, ni kizuri sana, hasa unapohamia toleo jipya. Lakini kisanduku hujibu swali uliloliuliza. Anayeandika humo kwamba anataka kusogeza maneno atapewa mambo mengi yasiyomsaidia. Anayeandika indent anapata anachokitaka mara moja, kwa sababu amekwisha kuamua kwamba shida yake iko kwenye aya.

Saa yako ya kwanza ya mazoezi itumie hivi. Usianze na karatasi tupu. Tafuta hati iliyopangwa vibaya, ya kurasa tatu au nne, ambayo mtu amesukuma mambo kwa nafasi na Enter, na ufanyie kazi nakala yake. Onyesha alama zilizofichika, upitie ukurasa baada ya ukurasa ukijiuliza kila umbo limewekwa kwenye ngazi gani na lilipaswa kuwa wapi. Ondoa nafasi za ziada, aya tupu, vichwa vilivyokozwa kwa mkono, na mahali pake weka umbo la aya na mitindo. Kama aya fulani inakataa kutii, iteue, kisha Ctrl+Q itaondoa maumbo ya aya yaliyobandikwa juu ya mtindo wake na Ctrl+Space itaondoa yale ya herufi. Kwenye LibreOffice Ctrl+M hufanya yote mawili. Usiogope kuharibu, Ctrl+Z hurudisha nyuma hatua nyingi. Utakapomaliza, badilisha fonti ya hati nzima na ukubwa wake, kisha tazama. Kilichobaki mahali pake kimejengwa vyema, na kilichosogea kinakuonyesha pa kurudi.

Kama kompyuta unaipata mara moja kwa juma na siku nyingine una simu tu, bado unaweza kuendelea. Word ya simu huficha utepe nyuma ya alama ya herufi A yenye kalamu. Iguse, uteremke ndani ya Home, na utakutana tena na fonti, aya na mitindo, kila moja kwenye kundi lake. Usijaribu kupanga tasnifu kwenye skrini ya upana wa kiganja. Andika maneno yako, kipe kila kichwa Heading yake hapo hapo, epuka Enter mbili mbili, na sehemu na namba za kurasa zingoje siku ya kompyuta.